Mawe Saba Ambayo Hatukuyaandika

Papa Ramazani,

Nimekaa mezani kwako, si kwangu. Usinune. Meza yangu imefunikwa na karatasi, na kiti chako ndicho pekee kisichoyumba katika ofisi nzima.

Tangu tukuzike mambo mengi yamebadilika. Mkeo, Mama Zaituni, amehamia chumba cha mbele, maana anasema kile cha nyuma kinamrudishia kikohozi chako. Mkwe wako amerudi Kasenga kwa samaki wake. Na hapa ofisini wametuletea ingénieur mpya, mhandisi kijana wa suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe. Wiki yake ya kwanza aliniambia, "Citoyenne Feza, hii machine inakula courant bure. Kama mpaka vendredi haijasema juu ya nini majiwe inasimama, tutaipatia service ingine." Yaani mashine yetu ya hesabu inakula umeme bure, na hadi Ijumaa ieleze kwa nini mawe ya mgodini yanakwama, la sivyo ipewe idara nyingine. Na kadi zako, zile maelfu tulizotoboa pamoja, zingegawiwa watu wakawashie mbabula zao za makaa.

Papa, nililia chooni. Miaka saba ya kazi yako, iishie kuchemshia maharagwe ya watu!

Na ni kwa maharagwe ulinifundisha. Siku yangu ya kwanza ulitoa konzi moja mfukoni, ukaimwaga katika faneli ya mafuta ya taa. Yakapita, yakapita, halafu yakakwama. "Unaona? Hakuna mwenye kubafunga. Banajifunga benyewe." Hivyo ndivyo mawe ya shaba yanavyokwama kule mgodini katika tremi, lile sanduku kubwa linalomwagia mabehewa. Nawe ulitaka mashine yetu ya hesabu iyaigize mawe hayo: kila jiwe liwe duara lenye namba, kila hatua mashine iyasogeze kidogo tu, kisha ichape nani anamgusa nani. Karatasi zilipoadimika ukakata shauri. "Feza, karatasi iko kidogo. Tuandike tu bale balishikana na bale baliachana. Benye kubakia tubaache, tunabajua."

Basi nikafuata ulivyosema: kila hatua mashine ikachapa waliogusana upya na walioachana tu, na waliobaki vilevile haikuwachapa. Siku tatu nilisoma orodha mbili hizo, walioshikana na walioachana, mpaka macho yakaniwasha. Namba 88 na 91 walikuwa kila ukurasa, wamegusana, wametengana, wamegusana tena, kama wachumba wa mtaa wa Naviundu. Nikasema hao ndio wachokozi. Nikamwendea ingénieur kifua mbele. Tukawaondoa, tukaanzisha mashine upya, na mawe yakasimama palepale. Alitazama saa yake, akaenda zake. Afadhali angenifokea.

Alhamisi ikawa arobaini yako. Baada ya dua niliombwa nisome majina ya waliokuja kwenye kilio, tuwashukuru, kwa sababu daftari nililishika mimi, nimekaa mlangoni: anayeingia namwandika, anayeaga namwandika. Nikasoma mpaka jina la mwisho. Hapo Mama Mwamba, jirani yenu, akatokea nyuma ya nyumba na mwiko wa bukari mkononi. "Na miye je, Feza? Nilikuwa hapa tangu siku ya kwanza, jina yangu haiko?"

Watu wakacheka. Ni kweli, alifika kabla sijafungua daftari. Akasonga bukari siku zote za kilio, akalala mkekani na Mama Zaituni, hakuaga hata mara moja. Mlangoni kwangu hakuingia wala hakutoka, basi hakuandikwa. Na bila yeye tungelala njaa sote.

Mimi sikucheka, Papa. Niliziona orodha zetu mbili. Nilimwomba radhi mbele ya watu, nikala bukari yake na sombe ya majani ya muhogo, lakini akili ilikuwa imeshafika ofisini.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nikachukua karatasi zilizokwisha kutumika, nikazigeuza, nikachapa nyuma yake ile orodha ya tatu uliyosema tuiache. Nikaipa jina "Bado", yaani bado wameshikana. Yalikuwepo! Mawe saba, yameshikana kutoka ukuta hadi ukuta juu ya mdomo wa tremi, tangu kabla orodha ya kwanza haijachapwa, wakati mengine yote yalikuwa yakishuka. Hayakuachana hata hatua moja, ndiyo maana hatukuyaona. 88 na 91 walikuwa wakigombana tu mgongoni mwa hayo saba. Nikaondoa moja, lile la katikati, nikaanzisha mashine. Mawe yakamwagika mpaka la mwisho.

Ingénieur alivua miwani, akaomba kiti. Nikampa changu. Mashine inabaki, na kadi zako hakuna atakayezigusa.

Niligeuka nikuambie. Niligeuka kweli, mdomo wazi, na pale karibu na mlango palikuwa na kiti chako kitupu. Ulikosea, mzee wangu, na jinsi ninavyotamani kukuona ukikuna kidevu kama ulivyozoea ukikosea! Nina hamu nawe mpaka inauma.

Tazama hata barua hii nilivyoianza: nani kahama, nani karudi, nani kaja. Ni mazoea uliyonifundisha. Miaka saba, kila asubuhi, ulisema, "Jambo Feza, umeamuka?" nami nikakujibu nimeinamia kadi. Sikuliandika hilo popote. Sikukushukuru. Nilidhani upo tu.

Sasa nakuaga, Papa, pumzika. Ninakuahidi kwamba kila orodha itakayotoka katika mashine hii, hata ikibidi niichape juu ya mifuko ya unga, itaanza na waliobaki. Maharagwe yako yamo katika faneli, yamekwama vilevile ulivyoyaacha, na anayefagia nimemkataza kuyagusa. Na kwenye ile karatasi ya Ijumaa, chini ya neno "Bado", baada ya namba za mawe saba, nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu yangu:

Ramazani na Feza.