Fedha Iliyobambuka

Jumatano, Dodoma

Mpumbavu yule! Mimi niliyefundishwa na mafundi wa Bagamoyo kuchovya shaba katika maji ya fedha, niliyeng'arisha hata vifungo vya Wadachi, leo nimeaibishwa na shemeji yangu Shomari.

Bangili za shaba nilizisugua kwa majivu na ndimu, nikakataza zisiguswe. Kumbe nyuma yangu alizipangusa kwa kitambaa chenye samli, nami nikazichovya hivyo hivyo!

"Shemeji, nilitaka zing'ae."

"Ng'aa wewe! Fedha inashika wapi penye mafuta?"

Bibi harusi, binti wa jirani, alipozijaribu leo fedha ikabambuka kama ganda la kitunguu. Hakulia. Alinirudishia tu, akasema, "Baba, wakwe zangu wanashuka na treni kesho."

Nikamwambia, "Kalale, mwanangu."

Mimi na Shomari hatulali.