Mikayi, Uliyemtoa Atieno Mkekani

Mpendwa Mikayi, mke wa kwanza, mke mwenzangu,

Mvua imenyesha hapa Kisian tangu asubuhi, nami nimekaa tu jikoni. Atieno ameenda. Baba yake alimpeleka jana kwenye ile shule ya bweni ya wasioona uliyokuwa ukiitaja, kisha akarudi kazini Kisumu. Gari lilipoondoka nilipunga mkono, halafu nikakumbuka kwamba haoni.

Unakumbuka alipokuwa na miaka mitatu? Alishinda mkekani kutwa, kwa kuwa niliogopa miiba, nyoka na midomo ya watu. Siku moja uliingia bila hodi.

"Nyar Bondo," ukaniita kwa jina la kwetu, "kwani mtoto ataozea kwa mkeka?"

"Na akiumia?"

"Ataumia. Kwani hawa wengine hawaumiangi?"

Ukambeba hadi shambani. Ukawaita watoto wa jirani, ukawafunga macho kwa vipande vya leso yako kuukuu, ili wote wawe sawa na yeye. Mkapapasa majani ya maboga yanayokwaruza. Mkanusa majani ya ndimu mliyoyafikicha. Mkatikisa maganda makavu ya mboga ya mitoo yakalia kama kayamba. Mkachovya vidole kwenye mrenda uliopondwa, na kelele za "Uwii, inateleza!" zikanifikia ndani. Aliyetambua mmea alishangiliwa. Atieno alitambua yote. Nilitoka, nikamkuta mwanangu anacheka huku mdomo umejaa udongo. Ulisogea tu, nipate pa kuketi.

Homa ilipokuchukua sikulia. Wanawake walinitazama, nami nikawatazama. Atieno alipiga magoti, akapapasa kaburi lako kutoka upande huu hadi ule.

"Mama, mbona hapa hakuna kitu kimeota?"

"Kitaota," nikasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Watu huniuliza ninaendeleaje. Nasema niko sawa, na labda ni kweli, siumwi popote. Naamka, nafagia, nateka maji. Leo mchana nilichuma osuga, ile mboga chungu, nikaipika kwa maziwa kama ulivyonifundisha nilipoolewa. Nilitenga sahani tatu. Nikarudisha mbili, yako na ya Atieno. Nikala, Mikayi, wala sikusikia uchungu, wala utamu. Nikaendelea kula mpaka nikamaliza.

Pumzika.

Mimi mke mwenzako,
Nyar Bondo