Kiazi Kwenye Sahani ya Mkulima

Zuhura mjukuu wangu,

Nakusalimu wewe na wote hapo Buyenzi. Mimi mzima, ila hili goti. Mama yako mdogo amehamia mji wa Liège, kwa hiyo huku Ulaya, hapa Saint-Gilles, nyumba imekuwa kimya.

Unauliza kama ukubali kazi ya chama cha wakulima wa mpunga, uwasemee kwa wabunge ili sheria ya maji ya mto isiwabane. Sheria mimi siijui. Nakumbuka mchana mmoja tu.

Nilikuwa bado na nguvu, nahudumia karamu karibu na Bunge la Ulaya. Watu wa suti wa chama cha wakulima wa huku waliwaalika wabunge, wazungumze habari za maji na vibarua wa mashambani. Walimleta mkulima mmoja mzee, wakapiga naye picha, kisha wakamwacha mezani peke yake. Kila mdomo ulisema "mkulima, mkulima," na hakuna aliyemgeukia.

Kwetu mgeni haachwi ale peke yake. Mwenyeji huchota japo tonge moja kwenye sahani ya mgeni. Basi nikachukua kiazi chake, nikala. Mzee akashtuka. Msimamizi wangu akanikata jicho. Halafu mzee akasogeza sahani katikati yetu, akaniambia kisima chake kimekauka. Humo ndani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Bon, haya, ukitaka, nenda. Ila kabla ya kuwasemea, kaa ule nao.

Mimi bado napika viazi vya watu wawili. Hakuna anayenyoosha mkono kwenye sahani yangu.

Bibi yako,
Mwajuma