Saini Yangu Ndani ya Kabati la Taa

Doha, Ijumaa

Mdogo wangu Zaituni,

Assalaam aleikum. Magoti ya mama bado yanamsumbua? Na wewe, pilikapilika za harusi hazijakumaliza? Mimi nimepona, ila homa imeniacha mwembamba, suruali zote nafunga kwa kamba. Tafuta kwanza mahali pasipo watu ukae, maana haya yanamhusu mchumba wako Bakari. Na nakuomba usiamue lolote kabla hujafika mwisho.

Kazi yetu unaijua, tunahudumia taa za kuongozea magari. Siku hizi wanavunja kiplefti zao, ile mizunguko ya barabarani, moja baada ya nyingine na kuweka taa zenye akili. Chini ya lami kuna nyaya zinazohisi magari, juu kuna kamera, na habari zote zinakwenda kituo kikuu, ambako watu wamekaa wanatazama ukuta mzima wa runinga. Lakini akili yote hiyo inataka mtu wa kuifuta vumbi! Kila njia panda ina kabati lake la chuma. Tunalifungua, tunasafisha, tunajaribu vitufe vya wavukao kwa miguu, kisha tunasaini kadi iliyobandikwa ndani ya mlango.

Siku niliyorudi kazini baada ya wiki mbili za homa, nilianzia Al Mansoura. Kitufe kimekufa, watu wanavuka mbio roho mkononi. Natazama kadi, naona saini yangu! Na tarehe ni za siku nilizokuwa kitandani sijiwezi. Nikaenda kabati la pili, saini yangu. La tatu, vilevile. Huku kitu kikiharibika hawaulizi nani alikuwa mgonjwa, wanauliza nani kasaini, na huyo ndiye anayepandishwa ndege.

Unanijua, mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikaanza kumchunguza Bakari, ninayelala naye chumba kimoja, maana wiki ya kwanza njia panda zangu aliachiwa yeye. Nikaona ananong'ona kwenye simu, nikiingia ananyamaza. Nikimuuliza kazi ilikwendaje, "Ah, shemeji, mambo shwari tu," huku anatazama pembeni. Shwari gani hiyo? Siku moja akiwa bafuni nikainua godoro lake. Ndiyo, nilipekua, usinicheke. Nikakuta kipande cha boksi la maziwa kimejaa saini yangu, mstari kwa mstari. Za juu zimepinda, za chini hata mimi nisingezikana. Nikasema, loo, kikulacho ki nguoni mwako! Huyu anataka nifukuzwe achukue uongozi wangu wa zamu, halafu amuoe dada yangu huku ananicheka.

Sikumuuliza. Kituo kikuu walipopiga simu kuhusu kile kitufe, nilikwenda ofisini kwetu West Bay nikamwekea injinia kile kipande mezani, nikataja jina. Nilitoka pale kifua mbele.

Jioni yake Okello, Mganda wa zamu yetu, akanivuta kando. "Hamisi, wewe ulipolala, meneja alisema mgonjwa akipita wiki moja analetwa mtu mwingine. Bakari akamwambia unakuja, unafanya zamu ya mchana. Asubuhi alimaliza njia panda zake, mchana kwenye jua anafanya zako. Akatukataza tusikwambie, usijione mzigo."

Nikamuuliza, na kitufe cha Al Mansoura? "Hicho kimoja hakukifikia. Alisaini tu. Mtu anachoka, bwana."

Na ile minong'ono ya simu, nadhani wewe unaijua kuliko mimi.

Nilirudi mbio kwa injinia. Akasema karatasi zimeshakwenda, hazirudi. Bakari anaondoka Jumatatu. Hajui nani aliyemshtaki, anadhani ni wapekuzi wa kambi tunamolala. Jana alikaa kitandani kwangu akasema, "Shemeji, bora imekuwa mimi. Wewe una mama wa kutunza." Nikaitikia kwa kichwa. Naona aibu, Zaituni, naona aibu mno.

Mama mwambie tu nimepona. Msalimie mjomba fundi viatu, na shangazi wa sokoni mwambie kanga alizoagiza nimemfungashia Bakari.

Barua hii pia anakuletea yeye mwenyewe. Nimeibandika gundi mara mbili asije akaifungua njiani, ndivyo nilivyo. Ukishaisoma usiifiche. Mpe naye aisome, mbele yako, halafu muulize kama bado anataka niwe shemeji yake.

Kaka yako,
Hamisi