Mteja wa Kwanza wa Kantilal

Muriithi, uko? Mwenzako ametenda dhambi. Usicheke.

Unakumbuka ule ujumbe katika kikundi cha vijana wa kanisa? "Wapendwa, bei ya memori za kompyuta inashuka. Anayenunua kabla ya mwisho wa mwezi hana hekima." Mwandishi ni mwenzako, mimi hapa. Alikuwa anatania tu!

Leo ameingia kwa Mzee Kantilal kutafuta memori ya laptopu. Duka tupu kama bweni wakati wa likizo. Mzee akasimama kumpokea. AKASIMAMA, Muriithi.

"Karibu, kijana. Tangu Jumatatu sijauza hata waya. Nashusha bei, watu wanasema wanangoja ishuke zaidi. Wakiendelea kungoja, nitafunga. Lakini wewe umenifungulia, na mteja wa kwanza lazima nimpunguzie."

Akapunguza. Akampunguzia mwenzako!

Mwenzako alipotoka tu, aliandika kwenye kikundi: "Nilikuwa natania. Nendeni kwa Kantilal leo, hata mimi nimenunua."

Watiri wa saiba, lile duka la intaneti, akajibu: "Ati nini? Kantilal amekupa nini umpigie debe? Ulisema tungoje. Tunangoja."

Kikundi kizima kimeandika amina.