Chupa Mbili Kutoka Ihembe

Gothenburg, 4 Februari 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Baridi ya huku inauma mpaka mifupani, ila tu wazima. Mgongo wako vipi? Apolinary anakula?

Nina ombi. Evaristi wangu ametimiza miaka sita na hajatamka neno. Juzi alipanga vifungo sakafuni kwa ukubwa, nikalia. Nilimwona Apolinary, pacha wangu, tulipokuwa wadogo kwenye mkeka wa kahawa, akipanga buni mojamoja huku sisi tukimfokea. Madaktari wanaiita hali hii usonji. Wanachunguza kama unapita katika damu ya ukoo, na wanaomba yako na ya Apolinary. Hawalazimishi. Muuguzi atawafuata nyumbani. Nikubalie, mama.

Mwanao,
Placidia

Ihembe, 20 Aprili 1996

Mwanangu Placidia,

Marahaba. Mgongo unasumbua, lakini jembe bado nalishika.

Muuguzi alikuja. Apolinary akakimbilia migombani, mpaka nilipompa ungo wa buni apange ndipo akatulia. Mimi nilisita, sikufichi. Halafu nikasema, huyu Placidia nimemnyonyesha miaka miwili, kilicho changu kimo mwilini mwake. Nikanyoosha mkono.

Unakumbuka Novemba za senene? Ulikuwa unawakimbiza panzi hao mpaka unamwangukia Apolinary, naye anacheka! Hakucheka na mtu mwingine.

Mama yako,
Laurensia

Gothenburg, 2 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Poleni na kazi. Majibu yametoka na nimekasirika kweli. Eti wewe na Apolinary ni mama na mwana, ila mimi si wenu hata kidogo! Nimewaambia wamechanganya chupa za damu. Watamtuma muuguzi tena. Mvumilie tu.

Mwanao,
Placidia

Ihembe, 15 Januari 1997

Placidia,

Marahaba. Huku hatujambo. Barua yako ninayo tangu Oktoba. Asitumwe mtu. Hakuna chupa iliyochanganywa.

Mwaka 1961 tulikuwa bado Chonyonyo. Mwanamke mmoja, Mukabera, alikuja kutoka Rwanda, amekimbia vita, ana mimba, akawa anatuchumia kahawa. Alijifungua wewe, siku ya tatu akafariki. Tulimzika pale pale shambani. Apolinary alikuwa na wiki mbili. Nikakupa ziwa la pili. Tulipohamia Ihembe watu wakaniita mama pacha, nami nikaitika. Marehemu baba yako alinyamaza kwa sababu nilimwomba.

Nilidhani maziwa yanageuka damu, mwanangu. Kumbe sivyo. Niliogopa kukupoteza, na mpaka leo naogopa. Nisamehe. Kila Ijumaa nitakwenda posta Kayanga kuangalia kama umejibu.

Laurensia

Gothenburg, 30 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Najua umekwenda Kayanga Ijumaa nyingi bure. Nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu ya kuandika. Mwishoni mwa barua uliandika jina tupu. Usirudie tena, tafadhali, imeniumiza kuliko yote.

Madaktari wana karatasi yenye ukoo wa Evaristi. Wewe na Apolinary wamewakata kwa mstari. Niliomba nakala, nikawaandika upya kwa wino, nikaibandika juu ya kitanda chake. Kila asubuhi anapitisha kidole kwenye majina yenu.

Tunakuja Desemba, mimi na yeye. Kabla hujapika chochote, nipeleke Chonyonyo alipolala Mukabera. Sijui nitamwambia nini. Labda nitamshukuru kwamba alibisha hodi kwako. Usimame karibu yangu, mama.

Binti yako,
Placidia