Mkanda Wako Ulikuwa na Vipande Vinane

Mpendwa Baba Zulfa,

Wiki tatu zilizopita binti yako aliniuliza swali ambalo nimelikimbia kwa miaka minne. Alikuwa anatafuta kitambaa cha bitana chini ya kabati langu la kushonea, akaibuka na mkanda wako wa kuzamia. Akaupangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Mama, papa alikuwa anavaa vipande ngapi?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikajifanya siwezi kujibu.

Ninaandika barua hii waziwazi, mwenye kuisoma aisome, kwa sababu nimechoka kusifiwa uvumilivu. Lakini wewe ndiye wa kwanza kustahili kuambiwa.

Unakumbuka lile beseni? Tulikuwa na mwezi mmoja wa ndoa, tunaishi chumba kimoja Nyamirambo, cherehani langu likiwa limekula nusu ya chumba. Wewe ulikuwa umetoka Tanga ulikolelewa na kufundishwa kuzamia, na majirani walikuwa wanakuja kukusalimia ili tu wakisikie Kiswahili chako, wanasema unaongea kama redio. Nilikuuliza mtu aliyejaa hewa kifuani anazamaje. Ukachukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, ukaanza kuitia vifungo vyangu vya mashati, kimoja kimoja, unaifunga, unaiweka majini, unaitoa, unaongeza. Mwisho chupa ikaacha kulala juu ya maji, ikasimama wima, kizibo tu kikichungulia.

"Mzamiaji anatakiwa awe hivi," ulisema. "Avute pumzi aishike, maji yaishie machoni. Akiitoa, aanze kushuka taratibu. Uzito ukizidi, maji yanakuchukua kabla hujakubaliana nayo."

Kisha ukamwaga nusu pakiti ya chumvi yangu ndani ya beseni, ukakoroga, na chupa ikapanda tena. Mimi nilikuwa nawaza chumvi. Wewe ulikuwa unaniambia kwamba bahari inambeba mtu, ziwa halimbebi, ndiyo maana baharini Tanga ulivaa vipande vinane vya risasi, kilo moja kila kimoja, na ziwani Muhazi vingekutosha sita. Nikakuambia basi ziwa lina tabia za mashemeji zangu. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Ulipopata kazi ya kushona nyavu za vizimba vya samaki kule Muhazi, nilikutengenezea mkanda mwenyewe, wa turubai, kwa sababu wa dukani ulikuwa unakuchubua kiunoni. Niliuwekea vifuko, kila kifuko kipande kimoja cha risasi, na midomo ya vifuko nikaifunga kwa sindano ya mkono ili kisidondoke hata kimoja. Ukiitwa Tanga kwa kazi ya baharini, nilifumua viwili nikaongeza. Ukirudi, nilifumua nikatoa. Uliniuliza, "Umepunguza?" Nikajibu, "Nimepunguza." Ukauvaa. Ilikuwa kama watu wanavyoulizana kama mlango umefungwa. Hukuwahi kuhesabu, na mimi niliona ni mapenzi.

Safari ile ya mwisho ulirudi kutoka Tanga zikiwa zimebaki siku nne kufika sikukuu. Nilikuwa na nguo za watu hadi juu ya kitanda. Ulinipa mkanda, nikauweka pembeni, nikaweka gauni la mtu juu yake, kisha jingine. Asubuhi ya kwenda Muhazi uliniuliza kama nimepunguza. Mguu wangu ulikuwa kwenye cherehani. Sikugeuka. Nilisema, "Nimepunguza."

Uliuinua, ukasema, "Mbona kama mzito?"

Nikasema, "Labda wewe ndiye umepungua."

Ukacheka, Baba Zulfa. Ukacheka, ukapanda pikipiki.

Mchana mwenzako wa vizimbani alikuja akiwa amevua viatu, amevishika mkononi. Alisema, "Mama, ni ile neti. Ilimukamata kule chini kabisa." Nikauliza chini wapi. Akasema ulishuka haraka, ukapita mahali ulipotakiwa kushona, ukafika kwenye matope wavu unakolala mikunjo mikunjo. Kila aliyekuja kutupa pole alisema wavu. Shehe alisema wavu. Mimi pia nilisema wavu, kwa sauti kuliko wote.

Mkanda waliniletea ndani ya mfuko wa karatasi uliochanika kwa uzito kabla haujafika mezani. Siku ya nane nilijifungia nikafumua. Vinane. Nilihesabu tena nikitumaini nimekosea. Kisha nikavirudisha na kushona kama vilivyokuwa, nikauficha chini ya kabati. Sijui hadi leo kwa nini sikuvitoa hata siku ile. Nadhani niliogopa kwamba nikivitoa nitakuwa nimekubali.

Sasa Zulfa ana miaka ishirini na mmoja, na ameamua kuzamia. Nilikataa, nikalia, nikamtuma shangazi yake wa Kanombe akamkataze. Akarudi amemgeuza shangazi. Anajifunza kwenye bwawa la kuogelea Kicukiro, na wameshampa nafasi vizimbani. Vifaa vyote atapewa, ila mkanda anautaka wa baba yake.

Siku ile ya swali, nilipomaliza pini zangu, alikuwa ameshavipapasa vifuko. "Hapa iko nane," alisema. "Papa alikuwa anaenda ziwani na nane?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, na angejipimia uzito wake kwa kuanzia kosa langu. Ningeweza kusema ni mkanda wa safari za Tanga, angeniamini pia. Mtoto huyu hajawahi kunishuku. Niliangalia mikono yake, vidole virefu kama vyako, nikasema, "Sita. Viwili nilisahau kuvitoa. Aliniuliza, nikasema nimevitoa."

Hakupiga kelele. Aliuweka mkanda mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka. Alienda kwa shangazi yake akakaa siku tisa. Niliwasha cherehani kila asubuhi na sikushona kitu. Nilikuwa nakusikia ukisema mbona kama mzito.

Aliporudi hakuzungumzia jambo lile. Alisema tu amejipima bwawani, amevuta pumzi, maji yakaishia machoni. Yeye mwepesi, na suti yake ya mpira nyembamba, vinamtosha vinne. Akaomba nimfungie vifuko. Nilitoa vinne, nikafunga vilivyobaki, mshono mdogo mdogo, jana mchana kutwa.

Leo asubuhi alisimama mlangoni na begi lake. Pikipiki ilikuwa inamsubiri, njia ileile yako ya kupitia Ndera. Akauliza, "Umepunguza?" Sijui kama alijua anasema neno lako.

Nikasema, "Nimepunguza."

Akaketi. Akachukua mkasi wangu, akafumua kazi yangu yote, kifuko baada ya kifuko, akapanga vipande juu ya meza. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akavirudisha, akanipa sindano, akasimama nyuma ya bega langu akiangalia hadi nilipokata uzi. Kisha akanibusu kichwani, akaondoka.

Iliniuma. Hatanisadiki tena kwa neno tupu, na sitamwomba afanye hivyo. Nimekaa hapa dirishani tangu alipotoka, naandika, nasubiri pikipiki yake. Mungu akuangazie ulipo. Unisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Laiti nawe usingeniamini.

Mkeo,
Mama Zulfa